Alama ya Msumari

Umewahi kumwita mwizi mtu uliyemlea kwa mikono yako? Kama hujawahi, usijisifu bado. Huenda hujaibiwa tu. Kama umewahi, basi utamwelewa mtu huyu ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli, hata watoto wa chekechea, hata mkewe akikasirika.

Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa na chumba cha gemu kwenye kona, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na steshenari. Ukutani zilining'inia televisheni za mgongo mrefu, chini yake mabenchi yaliyolainika kwa kukaliwa. Mle ndani kila kitu kilifungwa. Pedi za kuchezea zilifungwa mezani kwa mnyororo mwembamba wa mbwa. Rimoti zilikaa kwenye mfuko wa shati lake na kulivuta upande mmoja. Hata kiti chake mwenyewe alikifunga kwa waya kwenye nondo ya dirisha. Mteja mmoja akamuuliza, "Kufuli, sasa hicho kiti kingekwenda wapi?"

"Kina miguu," akajibu. "Chenye miguu ndicho kinachotoroka."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Zamani alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni. Dada yake alipofariki, alimwachia rafiki yake ufunguo wa stoo akaenda kuzika. Aliporudi alikuta stoo imekombwa ikawa kama imefagiliwa, rafiki kala kona, na aliyefukuzwa kazi ni yeye aliyetia saini ya ufunguo. Kwa hiyo kutoka kwenye msiba ule alirudi na vitu viwili: mtoto wa dada yake, aliyekuwa bado analala na kidole mdomoni, na imani moja isiyotikisika, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto alimlea vizuri, hilo hakuna anayelikataa. Alimlisha, akamvalisha, akamsomesha mpaka chuo cha kompyuta. Imani nayo aliilea vizuri vilevile.

Tatizo la kuwalea wote wawili katika nyumba moja ni kwamba siku moja watagombea kitanda.

Mali kubwa ya Kufuli ilikuwa CD zake za gemu. Alizinunua moja moja kwa miaka mingi, na kila aliyoinunua aliichora alama ya kufuli dogo kwa ncha ya msumari, upande wa juu, juu ya picha. Upande wa chini unaong'aa hakuugusa kamwe. Aliufuta kwa kitambaa laini kama anafuta uso wa mtoto, maana kila mtu anajua kwamba gemu iko huko chini. Hivyo ndivyo alivyoamini, na hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyoamini.

Lakini mashine za kuchezea zilikuwa zinazeeka. Lile jicho dogo la kusomea CD lilianza kupofuka katika moja, kisha katika nyingine. Kuna iliyokataa kusoma mpaka uipindue kichwa chini miguu juu. Kuna iliyosoma asubuhi tu, ikipata joto inagoma. Wateja wakaanza kusonya na kuondoka mchezo ukiwa katikati.

Mpwa alipomaliza chuo akarudi nyumbani, alikaa siku nzima kwenye benchi akitazama. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kugusa kifaa kabla ya kukizungumzia.

"Mjomba," akasema, "hizi mashine zinakufa. Tusisubiri tangazo la msiba."

"Dawa yake?"

"CD zote nizisome ziingie kwenye kompyuta ziwe faili. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoiga mashine ya zamani, kila kitu chake. Mteja anashika pedi ileile, anaona gemu ileile. Hakuna jicho la kupofuka. CD zako unazifungia kabatini zipumzike."

Neno kufungia lilimpendeza Kufuli. Akakubali.

Mpwa akaja na kompyuta kuukuu aliyoiunganisha mwenyewe chuoni, akaanza kazi mchana, mlango wazi, wateja wakimchungulia. Kufuli alivuta kiti mpaka waya ukakaza, akakaa nyuma yake. CD moja ikisomwa ilitoa rundo la faili: kubwa ya gemu yenyewe, nyingine za nyimbo, na kafaili kadogo ka maandishi kanakoiambia kompyuta wimbo gani unaanzia wapi. Kisha mpwa akaliamuru rundo lote libanwe, likawa faili moja tu, safi, isiyohitaji kufumuliwa ili ichezwe. Kufuli akavaa miwani, akasoma ukubwa wake.

"Subiri. Hii imekuwa nusu."

"Ndiyo, mjomba. Imebanwa."

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Haijaenda popote."

"Usinichezee shere. Nguo ukizibana kwenye begi, begi halipungui uzito. Hapa uzito umepungua."

Vijana kwenye benchi wakaangua kicheko. Mpwa naye akacheka, kosa la kwanza.

"Sikiliza, mjomba. Ukinituma dukani ukasema 'lete yai, lete yai, lete yai' mpaka ukachoka, nami nikaandika kwenye kiganja 'trei moja ya mayai', nimekuibia mayai?"

"Inategemea trei utakayorudi nayo."

"Na CD nyingine kiwandani hazikujaa, wakazijaza sifuri tupu."

"Kumbe nilinunua hewa?"

"Kidogo."

"Na hewa ni yangu! Irudishe."

Mpwa aliirudisha. Kweli aliirudisha, msomaji, kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo. Aliifumua faili ile ikawa rundo kama mwanzo, akaiambia kompyuta ipime rundo jipya na la zamani, ikatoa kwa kila moja mlolongo wa herufi na namba. Milolongo ilifanana mwanzo hadi mwisho. Ingepotea hata chembe, ingetofautiana.

"Hizo namba kaziandika nani?" Kufuli akauliza.

"Kompyuta."

"Na kompyuta inamtumikia nani?"

Hapo mpwa hakucheka. Aliweka gemu ya mbio za magari, ile iliyopendwa kuliko zote, akamkabidhi mjomba pedi. Kufuli akaendesha. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wimbo wa tatu gitaa lilipanda, likakwama, likagugumia kama mtu aliyepaliwa, kisha likaruka mbele.

"Aha!" akasema. "Umeharibu."

"Hapana. Weka CD yenyewe kwenye mashine usikilize."

Wakaweka. Gitaa likakwama palepale, likagugumia vilevile.

"Huo mkwaruzo ni wako, mjomba," mpwa akasema polepole. "Chini kuna plastiki nene, hata ikichubuka kidogo haidhuru. Kilichoandikwa kimelala huku juu, chini ya picha tu, ngozi nyembamba. Msumari wako umekitoboa."

Ungetegemea mtu ahuzunike. Kufuli alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo alama yangu imeingia mpaka ndani ya faili?"

"Imeingia. Popote faili hii itakapokwenda, itakwenda nayo."

"Vizuri sana," akasema Kufuli.

Kwa muda mambo yakanyooka. Wateja walirudi, wengine wakaja kutoka mitaa ya mbali. Mpwa alipata kitanda chake cha zamani, ufunguo wake wa chumba, na sahani yake kubwa mezani. Shangazi mtu, yaani mke wa Kufuli, alimwita mwanangu na kumwekea chakula hata akichelewa. Wenye nyumba hawakuwa na mtoto mwingine. Kufuli alishawaambia majirani kwamba siku atakayochoka, chumba kitakuwa cha yule kijana. Alisema hivyo akiwa amefunga mikono kifuani, lakini alisema.

Ila kijana alikuwa na ugonjwa wa vijana waliosoma, ugonjwa ninaouombea usipate dawa. Aliwaza kuhusu watu wengine. "Mjomba," alisema siku moja wakifagia, "CD zote duniani zinaoza. Kila mtaa ungehifadhi zake mapema, hakuna gemu ingepotea."

"Zihifadhiwe kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya watu."

Kufuli akaacha kufagia. Watu! Hata rafiki yake wa stoo alikuwa watu. Kuanzia siku hiyo alimtazama mpwa wake kwa jicho la pembeni. Alihesabu safari zake za nje. Alipomwona anaandika ujumbe kwenye simu, alipita nyuma yake kutafuta kitu ambacho hakikuwako. Akawaza: zamani mwizi wa CD zangu angehitaji gunia; leo anazibeba zote kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Na aliyezifanya ndogo hivyo ni nani?

Akamwomba mpwa amwekee faili zote kwenye flashi, "ziwe zangu mwenyewe." Mpwa akamwekea siku hiyohiyo bila swali. Kufuli akaitia flashi ndani ya soksi, akaipeleka kwa jirani yake wa steshenari, mtu wa tai na miwani ya dhahabu, mwenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala, anayemwamkia kila mtu kwa heshima.

"Jirani, nataka unikagulie," akanong'ona. "Vilikuwa vikubwa, vimekuwa vidogo. Uniangalizie kama havijachunwa."

"Niachie, mzee mwenzangu. Pitia alasiri."

Alasiri akapitia. Mtu wa tai akamrudishia flashi, akatikisa kichwa kidogo. "Kwa kweli vinaonekana salama. Lakini mambo ya kubana haya... mwenye siri yake ni kijana wako."

Sentensi hiyo ya mwisho Kufuli alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo.

Basi haukupita muda, kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaweka televisheni na kompyuta saluni kwake. Vijana wanaosubiri kunyolewa wakawa wanacheza gemu bure. Punde wakaanza kusubiri hata wasio na nywele. Mabenchi ya Kufuli yakapata nafasi, kisha yakapata nafasi zaidi.

Kufuli, ambaye tangu ujana alijinyoa mwenyewe mbele ya kipande cha kioo, akavuka barabara kwenda kunyolewa ndevu.

"Karibu, jirani!" kinyozi akasema. "Leo kioo cha nyumbani kimevunjika?"

"Kimechoka kuniona."

Akakalishwa, akafungwa kitambaa shingoni, akapakwa povu. Nyuma yake vijana walikuwa kwenye mbio za magari. Alifumba macho kama anayesinzia, kumbe masikio yamesimama kama ya sungura. Wimbo wa kwanza. Wembe ukapita shavu la kulia. Wimbo wa pili. Kinyozi akaupangusa wembe. Wimbo wa tatu ukaanza, gitaa likapanda, likakwama, likagugumia kama mtu aliyepaliwa, likaruka mbele.

Kufuli akasimama na kitambaa chake shingoni.

"Hii umeipata wapi?"

"Gemu? Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mtu wa kompyuta bwana, mimi nitajua majina? Kaa basi, upande mmoja bado."

"Utabaki nao," Kufuli akasema, akatoka. "Vyangu vingine si umeshavichukua."

Akavuka barabara na ndevu nusu. Ndani ya chumba chake walikuwamo wateja wachache, na mpwa alikuwa amepiga magoti akirekebisha waya wa pedi.

"Inuka," Kufuli akasema. "Inuka nikuone vizuri. Nilikuokota ukiwa na kamasi. Nikakupa nyama, mimi nikanywa mchuzi. Leo unampelekea kinyozi jasho langu!"

"Mjomba, sijaelewa."

"Utaelewa. Alama yangu iko kule inaimba! Ulisema mwenyewe: popote faili itakapokwenda, itakwenda nayo. Imekwenda. Aliyeipeleka ni nani?"

Kwenye televisheni gari moja lilizunguka ovyo na kugonga ukuta. Mpwa akasimama. Hakutazama wateja, alimtazama mjomba wake, na kwa kitambo alionekana kama anayefanya hesabu kichwani.

"Mbali na mimi," akauliza, "nani mwingine ulimpa zile faili?"

"Sija..." Kufuli akakwama kidogo. "Sijampa mtu."

Na hapo hakuwa anadanganya. Kichwani mwake mtu wa tai hakupewa kitu. Alikagua tu. Mwenye kufuli hahesabu mlango alioufungua mwenyewe.

"Basi ni mimi," mpwa akasema.

"Umekiri! Wote mmesikia?"

"Nimekiri kwamba hutaamini mwingine."

Akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akauweka mezani bila kuubamiza, akachomoa kompyuta yake kuukuu, akatoka nayo. Mteja mmoja mzee, fundi viatu, akaguna: "Kufuli, hapo umejifungia nje." Kufuli akamwambia achunge viatu vyake.

Jioni, mezani, sahani kubwa haikuwa na mtu. Mkewe alisubiri mpaka amemeza tonge la kwanza.

"Umemfukuza mwanangu kwa sababu ya wimbo?"

"Nimeusikia kwa masikio yangu."

"Masikio unayo, sikatai. Kumbukumbu je? Ile flashi uliyoitia kwenye soksi, nikakuuliza mbona unachechemea, ulimpelekea nani?"

"Yule alikagua tu."

"Alikagua mbele yako?"

Kufuli akatafuna kitu ambacho kilikuwa kimeshamezwa. "Aliniambia niiache, nipitie alasiri."

"Mume wangu, mtu akikukagulia mfuko wewe haupo, huyo anakagua au anachagua?"

Mkewe akakusanya vyombo. Nasema wazi: nyumba nyingi zina hekima ya namna hii jikoni, na wenye nyumba wanakwenda kuitafuta kwa watu wa tai. Tunawasomesha vijana ili watusaidie, wakitusaidia tunawavizia kama vibaka. Mgeni mwenye miwani ya dhahabu tunamkabidhi ufunguo na ahsante juu.

Kufuli alimpigia mpwa wake simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Akajiambia kwamba mtu wa tai hawezi, ni muungwana yule, anamwamkia kila mtu. Akajiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ikawa nyepesi zaidi, kama ile faili.

Asubuhi iliyofuata alifika steshenari mapema. Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa kaunta, akisubiri flashi yake. Kwenye kioo cha kompyuta, Kufuli aliona gemu zake zote zimejipanga, kwa majina yaleyale aliyoyaandika mpwa wake, zikihama moja baada ya nyingine kwenda kwa binti asiyemjua.

"Ah, mzee mwenzangu! Karibu," mtu wa tai akasema, wala hakushtuka. "Zile zako zimenifaa kweli. Ilinibidi nizinakili ili nizikague, si unajua? Nikaona kuzifuta ni hasara. Hata kinyozi nilimpa, ni jirani yetu."

"Hukuniambia."

"Hukuniambia ni siri."

Zamani, kiwandani, Kufuli alilia. Safari hii alitoka mbio, mzee mzima, akielekea nyumbani kuchukua simu, na alipofika katikati ya barabara akamwona.

Mpwa alikuwa anakuja upande wa ng'ambo, begi mgongoni, ile kompyuta yake kuukuu ameikumbatia kifuani, waya unaning'inia. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pa saluni akimsubiri, ameshapandisha mlango wa bati nusu.

"Mpwa wangu!" Kufuli akaita. "Mwanangu, subiri! Nimejua. Si wewe. Ni yule wa..."

Kijana akasimama. Akaiweka sawa kompyuta mikononi, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimejua, nakwambia. Ni yule wa steshenari."

"Nami nilijua jana, pale ulipokwama kidogo kabla ya kunijibu," mpwa akasema, bila hasira. "Msalimie shangazi. Mwambie nitapita kumwona."

Kisha akainama, akapita chini ya mlango wa bati na kompyuta yake. Kinyozi akamfuata, na huko ndani mtu akasikika akimwuliza angependa meza ikae upande gani.